Reli Iliyokataliwa Seattle Ikajengwa Atlanta

Tarehe 13 Februari 1968 wapiga kura wa Kaunti ya King, ulimo mji wa Seattle, waliwekewa mbele orodha ndefu ya miradi ya kuamua. Ndani yake mlikuwa na bustani, mifumo ya majitaka, uwanja wa michezo wenye paa na reli ya kisasa ya abiria. Kwa ajili ya reli, kaunti iliomba ruhusa ya kukopa dola milioni 385 kwa hati fungani. Takriban theluthi mbili ya gharama yote ingetoka serikali ya shirikisho. Waliosema ndiyo walizidi nusu ya wapiga kura. Katika uchaguzi wa kumpata rais au mbunge, huo ungeitwa ushindi. Sheria ya jimbo, hata hivyo, ilidai asilimia 60 kwa deni la aina hiyo, na reli ikaanguka. Uwanja ulipita. Ulifunguliwa mwaka 1976, ukabomolewa kwa baruti mwaka 2000, na kaunti ikamaliza kulipa madeni ya kuujenga na kuukarabati mwaka 2015, miaka kumi na mitano baada ya vumbi lake kutua.

Mei 1970 reli ilirudishwa kwa wananchi. Safari hii kampuni ya ndege ya Boeing, mwajiri mkuu wa eneo lile, ilikuwa ikipunguza wafanyakazi kwa makumi ya maelfu, na mtu anayengoja barua ya kuachishwa kazi hapigii kura deni jipya. Reli haikufikia hata nusu. Fedha za shirikisho ambazo Seneta Warren Magnuson alikuwa amezitengenezea njia, zaidi ya dola milioni 800, hazikuwa na mwenyewe tena, na sehemu kubwa ya msaada wa aina hiyo ikaelekea Atlanta.

Kisa hiki husimuliwa Marekani kama hadithi ya watu wa Seattle waliokosa kuona mbali. Mimi naona kinatufundisha jambo jingine: ni miradi gani iliyolazimika kuomba ruhusa ya wananchi, na ni ipi iliyosamehewa.

Mwaka 1956, chini ya Rais Eisenhower, Marekani ilipitisha sheria ya barabara kuu za kitaifa. Serikali ya shirikisho ilibeba asilimia 90 ya gharama, kutoka mfuko maalumu uliojazwa na kodi ya petroli. Barabara hizo zilipasua katikati ya miji, zikafuta mitaa mizima, mingi ikiwa ya Wamarekani weusi, na wakazi wa mitaa hiyo hawakuulizwa kwenye sanduku la kura kama wanaitaka barabara au la. Reli ya mijini ilisubiri hadi sheria ya mwaka 1964 kupata msaada wa shirikisho, na hata hapo mchango haukuzidi theluthi mbili. Theluthi iliyobaki mji uitafute wenyewe. Kuitafuta maana yake ilikuwa kwenda kwa wananchi kuomba kodi mpya, tena mara nyingi kwa kizingiti kinachozidi nusu. Ukiwa meya wa miaka ile, ukiambiwa barabara utachangia senti kumi kwa kila dola ilhali reli utachangia thelathini na tatu na kupiga kampeni juu yake, utachagua nini?

San Francisco na majirani zake walivuka kizingiti hicho mwaka 1962 kwa unywele. Hati fungani za dola milioni 792 za mfumo wa BART zilihitaji asilimia 60 na zikapata 61 na kidogo. Kabla ya kura, kaunti za San Mateo na Marin zilikuwa zimekwisha kujitoa, kwa hiyo treni zilizoanza kukimbia mwaka 1972 zilikuwa za kaunti tatu badala ya tano. Asilimia mbili pungufu, na leo tungekuwa tunaizungumza San Francisco jinsi tunavyoizungumza Seattle.

Los Angeles ni mkasa wa kizingiti peke yake. Mwaka 1980 wapiga kura waliidhinisha kodi ya mauzo ya nusu senti kwa kila dola kwa ajili ya usafiri. Kura za ndiyo zilikuwa wingi wa kawaida tu, na ilibidi Mahakama Kuu ya Kilele ya California iamue mwaka 1982 kwamba zinatosha. Kutokana na kodi hiyo treni zilirudi mwaka 1990 katika mji uliong'oa reli zake za mwisho za umeme miongo mitatu nyuma. Baadaye sheria ilikazwa, ikadai theluthi mbili. Pendekezo la mwaka 2008 lilipita kwa chembe. La mwaka 2012 lilipata asilimia 66.1 na kushindwa. Yaani watu wawili walikubali, mmoja akakataa, na mmoja akashinda. Mwaka 2016 jingine likapita kwa zaidi ya asilimia 71.

Turudi Atlanta, maana huko kuna swali zito kuliko hesabu: nani ahesabiwe? Kura ya kwanza ya mwaka 1968 ilishindwa, na sababu mojawapo ni kwamba viongozi wa Wamarekani weusi waliipinga. Mpango ulikuwa umechorwa bila wao. Mwaka 1971 waliendewa kwa heshima zaidi. Waliahidiwa nauli ishushwe kutoka senti 40 hadi senti 15, na ibaki hapo miaka saba. Fulton na DeKalb zikakubali kodi ya mauzo ya asilimia moja, Fulton kwa tofauti ya kura mia kadhaa tu. Clayton na Gwinnett, kaunti ambazo wakati ule zilikuwa za weupe kwa wingi mkubwa, zilikataa katakata. Cobb ilikuwa imekataa tangu 1965. Ukazuka utani wa kibaguzi kwamba herufi za MARTA, jina la shirika, zinasimamia kazi ya kuwapitisha Waafrika upesi mjini Atlanta. Mwenye kutaka kuelewa bajeti ya shirika lile asiuruke utani huo.

Jimbo la Georgia nalo lilikaa pembeni. Halikutoa ruzuku ya kudumu ya uendeshaji, lakini kwa miongo kadhaa lililiamuru shirika ligawe mapato ya kodi yake nusu kwa nusu kati ya ujenzi na uendeshaji. Sharti hilo liliondolewa moja kwa moja mwaka 2015. Asiyechangia chungu ndiye aliyekuwa akipima chumvi.

Uendeshaji, kwa kweli, ndio donda la reli zote hizi. Wanasiasa hupenda kukata utepe; hakuna utepe wa kukata kwa nyaya zilizobadilishwa usiku. Mwaka 1998 Washington ilisitisha msaada wa kawaida wa uendeshaji kwa miji mikubwa: itasaidia kununua treni, mshahara wa dereva mjitafutie. Hata reli ya mji mkuu wenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1976, haikuwa na chanzo chake maalumu cha mapato hadi 2018, ilipotengewa dola milioni 500 kwa mwaka. Miaka miwili kabla ya hapo ilikuwa imefungwa yote kwa siku nzima ili nyaya za umeme zikaguliwe.

New York ilichagua njia nyingine. Tozo ya magari yanayoingia katikati ya Manhattan, iliyoanza Januari 2025 kwa ajili ya treni na mabasi, ilitungwa na bunge la jimbo mwaka 2019. Haikupigiwa kura ya maoni. Wapinzani waliita udikteta. Sina hakika kama waliwahi kuiita hivyo sheria ya mwaka 1956.

Seattle ilikubali mwaka 1996, na treni zake zikaanza mwaka 2009. Clayton ilijiunga na MARTA mwaka 2014. Gwinnett, ambayo leo weupe si wengi tena, ilikataa mwaka 2019, ikakataa 2020 kwa kura chache mno, ikakataa tena 2024. Treni ya upande huo huishia Doraville, ndani ya DeKalb, karibu kabisa na mpaka.