Mnara wa Shaba na Dadu za Zebaki

Kwenye makumbusho ya mji wa Bonn, Ujerumani, kuna kijimnara cha shaba cha karne ya 4. Kilifukuliwa mwaka 1985 katika magofu ya nyumba ya shamba ya Kirumi, karibu na kijiji cha Froitzheim. Juu kiko wazi. Ndani mna vibao vilivyoinama, na chini kuna mlango wenye vidaraja. Dadu ikitumbukizwa, hugonga kibao hiki, ikadundia kile, ikabingirika mpaka nje mbele ya macho ya wote. Aliyeitumbukiza hana tena la kufanya ila kungoja.

Fundi wake hakuuamini mkono wa mtu, na alikuwa na haki. Mjanja huibana dadu kwa kidole, akaitelezesha bila kuipindua, na 6 ikabaki 6. Warumi walitumia vikombe pia, lakini kikombe nacho kinashikwa na mkono uleule. Usoni mwa mnara yameandikwa kwa Kilatini maneno sita, kila moja la herufi sita: Wapikti wameshindwa, adui ameangamizwa, chezeni bila wasiwasi. Ni habari za vita na Wapikti, watu wa kaskazini mwa Britania, ila mimi kila nikiyafikiria nawaona watu wawili mezani wakitazamana, kila mmoja na fedha yake.

Mchezo wao uliitwa tabula, na ndio uliozaa bakgamoni: nyumba 24 ubaoni, kete 15 kwa kila mchezaji, ila dadu zilikuwa tatu, si mbili. Zeno, kaizari wa Konstantinopoli aliyetawala hadi mwaka 491, aliwahi kupata 2, 5 na 6 katika hali mbaya kuliko zote. Ikambidi abomoe ngome zake mwenyewe za kete ubaoni, akabaki na kete nane za pekepeke. Mshairi Agathias, aliyekisimulia kisa hicho, anataja kwamba dadu zilipitia kwenye mnara wa mbao wenye ngazi zilizofichwa ndani. Nakipenda sana kisa hiki: mtu aliyeamrisha majeshi, na mbao zile hazikumjua.

Lakini mnara unauzuia mkono tu. Wezi walihamia ndani ya dadu yenyewe.

Mwaka 1984, katika mto Thames jijini London, kiliokotwa kikopo chenye dadu 24 za mfupa za karne ya 15. Eksirei ilionyesha kwamba 18 zilitobolewa na kutiwa zebaki, ili uzito uvutie upande mmoja. Sita zilizobaki zilichongwa nambari za uongo: tatu zina 1, 2 na 3 pekee, tatu zina 4, 5 na 6 pekee, kila nambari mara mbili. Jicho huona pande tatu tu za dadu kwa wakati mmoja, kwa hiyo aliyeketi ng'ambo ya ubao hakushtuka.

Siku hizi dadu nzuri huwa ang'avu kama kioo, na vitundu vyake hujazwa kitu chenye uzito sawa na kilichotobolewa. Baadhi ya mashindano ya bakgamoni hutumia kisanduku chenye vibao vilivyoinama, ndugu halisi wa mnara wa Bonn. Na kuna desturi nyingine: kabla ya mchezo, mchezaji anaweza kudai dadu zote nne, mbili za kila mmoja, zichanganywe, zirushwe ubaoni, kisha wawili hao wachague moja moja kwa zamu. Aliyekuja na dadu ya zebaki hajui itaishia kwenye kikombe cha nani.