Mkwaju wa "and/or"

Waingereza wana kifungu wanachokiandika bila kuweza kukisoma vizuri kwa sauti: "and/or". Kilizaliwa kwenye mikataba ya biashara na sheria, na hata huko hakipendwi. Mwaka 1935 Mahakama ya Juu ya jimbo la Wisconsin, Marekani, ilikikemea waziwazi ndani ya hukumu. Sisi tumekichukua kilivyo, mkwaju na yote, tukakiita "na/au".

Tazama katiba ya kikundi inayosema: "Hundi itasainiwa na mwenyekiti na/au mhazini." Je, saini moja inatosha? Mwenyekiti atasema inatosha, mhazini atakataa, na wote wawili watakuwa wameisoma sawasawa. Sentensi ya namna hiyo ni mtego, hasa palipo na fedha. Kama saini zote zinatakiwa, andika "mwenyekiti pamoja na mhazini". Kama moja yatosha, andika "mmoja wao".

Mara nyingi "au" peke yake hutosha. Tangazo likisema "leta pasipoti au kitambulisho cha taifa", hakuna karani atakayemfukuza aliyeleta vyote viwili (makarani wana sababu nyingine za kufukuza watu). Na pale ambapo uwezekano wa tatu lazima utajwe, wanasheria wenyewe wameshatupa njia: "faini au kifungo au vyote viwili". Ni maneno machache zaidi, lakini hayana utata. Mwandishi wa mikataba, futa huo mkwaju.