Bunduki ya ukumbusho ukutani? Adui ni jasho la mikono

Uingereza, mtu anaweza kutundika sebuleni bunduki ya vita kama Lee-Enfield, mradi imelemazwa isifyatue tena na kugongwa alama ya kuthibitisha hivyo. Lakini kutu haijali alama. Jasho la vidole lina chumvi. Ukishika chuma ukakiacha hivyohivyo, pale pale panashika kutu. Vaa glavu, futa vumbi kwa kitambaa kikavu cha pamba, kisha paka mafuta mepesi ya mashine, kidogo tu. Yakizidi yananasa vumbi na kuharibu kitako cha mbao, ambacho chenyewe kinataka nta. Mtutu umezibwa, kwa hiyo unyevu ukiingia hautoki kirahisi. Na msasa? Hapana kabisa: unaondoa rangi ya chuma, hata ile alama.