Kamisheni kubwa si hoja: Jinsi ya kuchagua mpango wa uwakala mtandaoni

WENYE tovuti wengi hujipatia riziki kwa kuwa mawakala wa kampuni zinazouza bidhaa kwenye intaneti. Wakala huweka kiungo cha bidhaa katika ukurasa wake. Msomaji akikibonyeza na kununua, kampuni humlipa mwenye tovuti kamisheni. Amazon ya Marekani ilianzisha mpango wake wa aina hii mwaka wa 1996, na kampuni nyingi zimeiga mfano huo.

Wingi wa mipango ndio unaowatatiza wanaoanza. Wengi huvutiwa na asilimia kubwa inayotangazwa, ilhali asilimia hiyo haina faida iwapo pesa zenyewe hazitamfikia wakala.

Jambo la kwanza kuzingatiwa ni mahitaji ya wasomaji. Tovuti ya ufugaji wa kuku itauza mashine ya kutotolea vifaranga kwa urahisi kuliko saa za mkononi. Ni muhimu pia kuhakikisha kuwa kampuni husika hufikisha mizigo mahali wanakoishi wasomaji hao, kwani msomaji wa Voi au Kitale hawezi kununua kitu kisichoweza kumfikia.

Pili, hesabu ifanywe kwa shilingi wala si kwa asilimia. Bidhaa ya Sh2,000 yenye kamisheni ya asilimia 10 humpa wakala Sh200, ilhali mashine ya Sh30,000 yenye kamisheni ya asilimia 3 humpa Sh900.

Tatu ni muda wa kumbukumbu. Msomaji anapobonyeza kiungo, kompyuta yake huhifadhi alama iitwayo kuki, inayoijulisha kampuni ni nani aliyemleta mteja. Katika mpango wa Amazon, alama hiyo hudumu saa 24 pekee, ingawa bidhaa iliyotiwa katika kikapu cha ununuzi ndani ya muda huo inaweza kuhesabiwa hadi siku 90. Mkulima anayetaka kushauriana na jamaa zake kwa wiki mbili kabla ya kununua mashine atamkosesha wakala kamisheni ikiwa muda ni mfupi.

Nne, wakala achunguze jinsi malipo yanavyotolewa. Mipango mingi huweka kiwango cha chini ambacho sharti kifikiwe kabla ya pesa kutumwa. Amazon hulipa takriban siku 60 baada ya mwisho wa mwezi wa mauzo, na hufunga akaunti ya wakala mpya asiyepata mauzo matatu katika siku 180 za kwanza. Hundi ya dola hukawia na hutozwa ada benkini. Tangu 2018, Wakenya wamekuwa na njia ya kuhamisha pesa kutoka PayPal hadi M-Pesa.

Hata mpango uliochaguliwa kwa makini unaweza kubadilika. Mnamo Aprili 2020, Amazon ilipunguza kamisheni ya fanicha kutoka asilimia 8 hadi 3, na ya vyakula kutoka asilimia 5 hadi 1. Mawakala waliotegemea mpango huo pekee walipata pigo kubwa. Kwa hivyo, ni busara kuwa na mipango miwili au mitatu.

Mpango unaodai ada ya kujiunga, kisha kumlipa mtu kwa kusajili wenzake badala ya kuuza bidhaa, uepukwe kabisa. Huo ni upatu wa piramidi, mfano wa ile iliyoporomoka nchini katika miaka ya 2006 na 2007 na kuwaacha maelfu ya Wakenya wakilia.

Ushuru nao usisahauliwe. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka ushuru wa asilimia 5 unaokatwa kwenye malipo ya mkazi wa Kenya yanayotokana na maudhui ya mtandaoni, kamisheni hizi zikiwemo.

Aidha, msomaji aelezwe wazi kwamba mwenye tovuti hulipwa anaponunua. Msomaji akigundua mwenyewe, imani hutoweka.

Anayeanza anashauriwa kujaribu mipango miwili kwa miezi sita, akiandika idadi ya waliobonyeza viungo na pesa zilizomfikia mkononi. Daftari hilo litamwonyesha mpango unaofaa kuliko tangazo lolote.