Barabara za Kielder zisizo na magari

Tangu niseme kwenye simu kwamba nimenunua baiskeli, mama hana raha. Kila nikipiga ananiuliza kama madereva wa huku wanawaonea huruma wenye baiskeli. Mama, hawawaonei kiasi hicho. Mimi niko wodi ya mifupa, nyonga na mapaja yaliyovunjika nayapokea kila juma. Lakini barabarani sipandi. Napanda msituni Kielder, ambako naweza kwenda kilometa 30 bila kupishana na gari hata moja. Leo nawaelezea msitu huo ulitoka wapi, na nyie wa Mufindi nadhani mtanielewa haraka kuliko Waingereza wenyewe.

Kielder iko Northumberland, kaskazini kabisa ya Uingereza, ukivuka kidogo tu umeingia Scotland. Ni kama kilometa za mraba 650. Mgeni akifika anadhani ni pori la tangu enzi za Adamu. Wapi! Miaka mia moja iliyopita palikuwa na vilima vitupu, majani, kondoo na upepo. Sehemu kubwa ilikuwa ya Duke wa Northumberland, na ile kasri aliyojengewa babu yao mwaka 1775 kwa ajili ya kuwinda bado imesimama. Ukiingia ndani ya msitu utaona miti imejipanga mistari kama askari kwenye gwaride. Waingereza wengi hawaipendi hiyo mistari, wanasema inachosha macho. Mimi ndiyo kwanza najiona niko Sao Hill.

Chanzo chake ni vita. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Uingereza ilikuwa inaagiza karibu mbao zake zote kutoka nje, na nyambizi za Wajerumani zikawa zinazamisha meli baharini. Bila magogo ya kuegemeza paa la mgodi huchimbi makaa ya mawe, na bila makaa viwanda havizunguki. Wakatazama nchi yao wakakuta misitu imebaki kama asilimia 5 tu ya ardhi. Basi mwaka 1919 serikali ikaunda idara ya misitu, Forestry Commission, na huko Kielder wakaanza kupanda mwaka 1926. Mti waliouchagua zaidi ni Sitka, ndugu wa misonobari, asili yake pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Mbegu zake zililetwa na David Douglas mwaka 1831. Unapenda mvua na unavumilia udongo mbovu uliojaa maji, na vyote viwili Northumberland vipo vya bure.

Sasa, nani alifanya kazi? Hapa ndipo historia iliponigusa. Miaka ya 1930 ajira zilikauka. Kaskazini mashariki ya Uingereza migodi na karakana za meli zilifunga milango, wanaume wakakaa miaka bila kazi. Wizara ya Kazi ikafungua kambi, mojawapo hapo Kielder. Vijana walitolewa makwao wakakaa kambini majuma 12, wakalala kwenye mabanda, wakachimba mitaro, wakapasua mawe na kutengeneza barabara, kwa chakula na pesa kidogo ya mfukoni. Jina la heshima lilikuwa mafunzo. Eti walikuwa wanazoeshwa tena kazi ngumu! Mtu ametoka ukoo wa wachimba makaa, unamfundisha kushika sururu? Na mafunzo yakiisha, wengi walirudi nyumbani kukiwa hakuna kazi vilevile. Kambi hizo zilifungwa mwaka 1939 vita vya pili vilipoanza.

Kitu ninachokiona Kielder ni kwamba kila kilichojengwa pale kilijengwa kwa ajili ya jambo ambalo lilikuja kupita. Miti ilipandwa kwa ajili ya migodi na vita, na ilipokomaa migodi nayo ilikuwa inafungwa mmoja baada ya mwingine. Leo wanapasua mbao za kujengea na za uzio. Baada ya vita vya pili ilipangwa kujenga vijiji vinane vya wafanyakazi wa msitu. Zikaja mashine za kukata miti, vikajengwa vitatu tu. Reli iliyopita bondeni ilikamilika mwaka 1862, ikitegemea sana makaa ya mahali paitwapo Plashetts. Abiria wa mwisho walipanda 1956, mizigo nayo ikakoma 1958. Halafu bwawa. Lilijengwa miaka ya 1970, likafunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1982, lengo kubwa likiwa kupeleka maji kwenye viwanda vya chuma vya Teesside. Mashamba na shule vilizama, familia zikahamishwa, na viwanda vyenyewe vikaanza kusinyaa kabla bwawa halijazoeleka.

Kilichobaki ni barabara.

Na ni barabara nzuri, jamani. Zimeshindiliwa zibebe malori ya magogo ya tani 44, kwa mawe yaliyochimbwa humohumo msituni: makubwa chini, changarawe juu, katikati pana mgongo ili maji yateremke mitaroni. Vilima havipandi ghafla, kwa sababu lori lenye mzigo lingeshindwa, na magoti yangu yanashukuru. Kwenye maingilio mengi pana geti la chuma. Gari linaishia hapo, baiskeli inapita pembeni. Kuzunguka bwawa wametengeneza njia ya kilometa 42, nayo inapita juu ya daraja la zamani la reli, la mawe, lenye matao saba. Tangu 2016 kuna na mashindano pale, ya kilometa 200 za changarawe tupu. Sijathubutu, na mama asiwe na wasiwasi, sitathubutu.

Lakini msidhani ni bustani. Siku za kazi malori ya magogo bado yanapita, na wakikata miti njia inafungwa. Kimbunga Arwen cha Novemba 2021 kiliangusha miti mingi sana, mahali pengine mlima mzima umelala chini. Mimi huenda Jumapili, hasa baada ya kumaliza zamu za usiku. Saa mbili za kusikia tairi kwenye kokoto tu, kichwa kinatulia.

Wakati mwingine nikiwa kule namfikiria baba mdogo. Pale kwetu miti ya majaribio ilianza 1939, na upandaji mkubwa ukaja miaka ya 1970, msonobari wa kutoka Mexico. Barabara za ndani za moramu zipo kila upande, hazina magari ila ya magogo. Yeye lori halikumgongea msituni. Lilimgongea barabara kuu ya Zambia mwaka 1999, na gunia la mkaa likiwa nyuma ya baiskeli, kwa kuwa njia ya sokoni ni hiyohiyo moja. Mguu wake mnaujua.

Ile kambi ya miaka ya 1930 nilitamani niione. Sehemu yake kubwa iko chini ya bwawa. Kiangazi kikiwa kikali maji yanashuka, mabaki yake yanaonekana. Mwaka huu mvua imenyesha mno, maji yako juu. Picha za daraja la reli nitazibandika nikipata nafasi.