Tairi Mseto: Jina na Mzigo Wake

Tairi mseto ni tairi lililoundwa litembee kwenye lami na kwenye barabara ya rafu bila kubadilishwa. Kwenye lami halilishindi tairi la lami, na kwenye tope halilishindi tairi la matope, ila lina uwezo wa kutosha kote kuwili. Ubavuni huandikwa All-Terrain, au kwa mkato A/T, na madukani wengi hulitaja kwa herufi hizo mbili tu, "ei-ti", wakaona yameisha. Hayajaisha. Mwenye pikapu ya kazi, tuseme Land Cruiser 79, ile ambayo Tanzania huitwa mkonga kwa sababu ya bomba lake la hewa lililopanda kando ya kioo, hawezi kununua tairi kwa herufi mbili. Gari lake linabeba saruji, mahindi, mapipa ya maji na watu juu yake. Kwake yeye jina la tairi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mzigo.

Tuanze na umbo. Sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, yaani mkanyago, imegawanywa katika vitofali vya mpira ambavyo mafundi huviita kashata, na kati ya kashata hupita mifereji. Tairi la lami lina kashata zilizosongamana na mifereji myembamba: mpira mwingi unagusa barabara, breki zinashika, kelele ni kidogo. Tairi la matope ni kinyume chake: kashata kubwa zilizoachana, na mifereji mipana inayotapika tope kila gurudumu linapozunguka. Tairi mseto limekaa katikati. Kashata zake zimekaribiana sehemu ya kati, zikaachana zaidi mabegani, yaani pale mkanyago unapokutana na ubavu. Juu ya kashata huwa kuna mikato myembamba, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita chale bila kutafuta mbali. Kashata inapokanyaga, chale hufunguka kidogo na kuongeza kingo za kushika barabara yenye maji. Ukichungulia ndani ya mifereji ya baadhi ya matairi haya utaona vinundu vidogo vya mpira vimepangwa sakafuni. Kazi yake ni kuizuia kokoto isinase humo, maana kokoto iliyonasa huchimba taratibu hadi kufikia waya za chuma zilizo ndani ya tairi.

Aina hii si ya jana. Kampuni ya BFGoodrich ya Marekani ilitoa tairi lake la Radial All-Terrain T/A mwaka 1976, na leo karibu kila kampuni kubwa ya matairi ina la kwake. Lakini jina lilizaliwa kwenye matangazo ya biashara, na jina la namna hiyo huahidi zaidi kuliko linavyotimiza. Anayelitafsiri kwa haraka atapata "tairi la ardhi zote", na hapo atakuwa amehamisha tangazo, hajaeleza kitu.

Mpe mtu "tairi la ardhi zote" halafu umpeleke kwenye udongo mweusi wa mbuga kule Usukumani wakati wa masika. Udongo huo ukilowa hunata. Mifereji ya tairi mseto si mipana kiasi cha kuutapika wote, kwa hiyo hujaa, na baada ya mizunguko michache tairi lenye kashata nzuri linakuwa kama kipara. Mpeleke kwenye lami iliyolowa: atahitaji umbali mrefu zaidi kusimama kuliko mwenye tairi zuri la lami, kwa kuwa mpira unaogusa barabara ni kidogo. Ardhi zote hizo zimo kwenye jina, lakini hazimo kwenye tairi.

Ndiyo maana "mseto" linafaa. Mchele na choroko vikipikwa pamoja vinaitwa mseto, na hakuna anayetarajia mseto uwe wali mtupu wala choroko tupu. Lugha imekwisha kulipanua neno hili hadi kwenye kilimo mseto na serikali ya mseto, na kote limebaki na maana ya vitu viwili kukubali kuishi pamoja kwa kupunguziana. Ni fupi, linajieleza, na linazaa maneno mengine. Tairi linalokaribia la lami tunaweza kuliita mseto wa kuelemea lami; lenye kashata kubwa na mabega yenye meno, ambalo siku hizi limejaa kwenye maduka ya vifaa vya safari, likawa mseto wa kuelemea matope. Atakayepinga atasema tayari tuna gari mseto, lile linalotumia petroli na umeme. Ni kweli, lakini nomino iliyotangulia inaamua: hakuna atakayetafuta betri ndani ya tairi.

Jina likishapatikana, macho yahamie kwenye maandishi ya ubavuni, kwa sababu mzigo umeandikwa huko. Chukua matairi mawili ya saizi moja, 265/70R16. Namba 265 ni upana kwa milimita, 70 ni asilimia ya urefu wa ubavu ukilinganishwa na upana huo, R ni radiali, yaani nyuzi za mwili wa tairi hupita moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Yote mawili ni mseto, na kashata zake zinaweza hata kufanana. Moja limeandikwa 112T, la pili lina herufi LT mbele ya saizi na 121/118S nyuma yake. Namba hizo za mwisho ndizo zinazostahili kuitwa namba ya mzigo. Si kilo zenyewe, ni nafasi katika jedwali la kimataifa: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 121 ni kilo 1,450. Ile 118 iliyofuata mkwaju ni kwa gari lenye matairi pacha nyuma, ambapo kila moja hubeba kilo 1,320. Herufi ya mwisho ni ya mwendo: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190.

Sasa piga hesabu. Tuseme ekseli ya nyuma ya pikapu, ikiwa imepakiwa, inalemewa na kilo 2,300. Kila tairi linapata kilo 1,150. Lile la 112 limeshapungukiwa kwa kilo 30 kabla gari halijaondoka, na hapo hatujahesabu shimo la barabarani, kona, wala mzigo uliolalia upande mmoja. Lile la 121 limebakiwa na kilo 300 za akiba. Kwenye rafu ya duka yanakaa bega kwa bega, na la kwanza mara nyingi lina bei nafuu na hulainisha safari. Mnunuzi akiangalia kashata peke yake atalichukua hilo.

Dada yake namba ya mzigo ni daraja la mzigo, linaloandikwa kwa herufi kwenye matairi ya LT, yaani yale ya malori mepesi kwa mtindo wa Marekani. C ni daraja la plai 6, D plai 8, E plai 10. Plai nayo ina historia yake. Zamani mwili wa tairi ulisukwa kwa tabaka za nyuzi za pamba, na plai 10 zilikuwa tabaka 10 kweli. Zikaja reyoni, nailoni na polyesta, nyuzi zenye nguvu kuliko pamba, na mwaka 1946 Michelin wakasajili hataza ya tairi la radiali lenye mikanda ya chuma chini ya mkanyago. Tabaka zikapungua, hesabu ya plai ikabaki kama kipimo cha nguvu tu. Tairi la leo la daraja E linaweza kuwa na tabaka mbili au tatu tu za polyesta ubavuni. Kwa hiyo muuzaji anayesema "hili ni plai kumi" hadanganyi, ila anayedhani akilipasua atahesabu tabaka kumi atashangaa. Idadi halisi ya tabaka za ubavu huandikwa pembeni kwa maandishi madogo, na inafaa kusomwa, kwa kuwa kwenye njia za mawe makali tairi huchanika ubavuni kabla kashata hazijaisha. Pancha ya kwenye mkanyago hupigwa kiraka. Ubavu uliochanika hauponi.

Kuna mtego mmoja wa herufi unaowapata hata wenye uzoefu. Land Cruiser nyingi za mashirika na miradi zilikuja na saizi ya zamani ya 7.50R16, mara nyingi yenye tyubu, na mbadala wake wa kimetriki ni 225/95R16C. Hiyo C iliyofuata saizi si daraja C la Wamarekani. Ni alama ya magari ya biashara kwa utaratibu wa Ulaya, na tairi hilo huja na namba ya mzigo 118/116, yaani kilo 1,320 likiwa peke yake. Herufi ni ileile, sehemu iliyokaa ni tofauti, maana ni tofauti. Wasiwasi ukikuingia, achana na herufi, soma namba ya mzigo. Yenyewe haibadiliki kutoka nchi moja hadi nyingine. Na anayetaka kuhama kutoka 7.50 kwenda 265 akumbuke kwamba hahami na tairi tu: tairi la 265/70 linahitaji rimu yenye upana wa inchi 7 au zaidi, na ile nyembamba ya zamani haifai.

Alama nyingine inayopotosha ni M+S, inayosimamia matope na theluji. Inahusu mpangilio wa kashata tu, na kiwanda kinaweza kuiweka bila tairi kupita jaribio lolote la barabarani. Mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake ndiyo alama ya tairi lililojaribiwa kwenye theluji. Kwa dereva wa Kigoma au Marsabit alama zote mbili hazina la kumwambia, na hazistahili kumwongezea bei.

Namba ya mzigo ina sharti moja: upepo. Zile kilo 1,450 za tairi la daraja E zinapatikana likijazwa hadi psi 80, yaani pauni 80 kwa kila inchi ya mraba. Daraja D hufikia kilele chake kwa 65, na C kwa 50. Anayefunga tairi la E kisha akalijaza 35 kwa mazoea ya gari dogo amenunua uwezo ambao hautumii. Tairi lenye upepo mdogo kuliko mzigo hujikunja kila linapozunguka, kujikunja huzaa joto, na joto huachanisha mikanda ya chuma na mpira.

Marekani ililijua hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 9 Agosti 2000 Firestone iliomba irudishiwe matairi milioni 6.5 ya aina za ATX, ATX II na Wilderness AT, mengi yake yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer. Mikanyago ilikuwa ikichomoka kwa mwendo wa barabara kuu, hasa kwenye majimbo ya joto, na magari yakipinduka. Waliokufa walizidi 200. Ford ilikuwa imependekeza psi 26 kwa matairi hayo. Ford ikalaumu tairi, Firestone ikalaumu gari na upepo, na serikali ikakuta kasoro katika ujenzi wa mikanda ya baadhi ya matairi hayo. Mwaka huohuo wa 2000 ikapitishwa sheria iliyofungua njia ya vipima upepo kuwa lazima kwenye magari mapya ya nchi hiyo. Herufi AT zilikuwapo kwenye majina ya matairi hayo yote, na hazikumwokoa mtu.

Kwa hiyo utaratibu wa kuchagua unajipanga wenyewe. Kwanza soma kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva: saizi, upepo, na mzigo wa kila ekseli. Gawa mzigo wa ekseli kwa mbili, ongeza akiba, ndipo upate namba ya mzigo ya chini kabisa utakayokubali. Pili, jiulize kuhusu barabara zako kwa haki. Anayeshinda kwenye lami na kuingia shambani mwishoni mwa wiki ananunua mseto wa kuelemea lami, na atashukuru kwenye mafuta na kelele. Anayeshinda kwenye changarawe na mawe achukue ubavu mnene. Anayeishi na udongo wa mbuga aache mseto, achukue tairi la matope. Tatu, tazama umri: tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT hueleza wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nene linaweza kuwa na mpira uliokwisha kukauka.

Mwenye pikapu akifika dukani na maneno haya mkononi hana haja ya kuomba "ei-ti nzuri". Ataomba matairi mseto matano, pamoja na la spea, ya 265/70R16, namba ya mzigo 121, yaliyotengenezwa karibuni. Muuzaji akiulizwa hivyo itambidi ainame asome ubavu wa tairi kabla ya kutaja bei.