Amritsar: Mji wa Hekalu la Dhahabu usiotaka mgeni mwenye haraka

Na Mwandishi Wetu

WASAFIRI wengi wanaotumia barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa wamewahi kusimama Makindu, wakavua viatu, wakafunika vichwa na kula chakula cha bure katika gurudwara iliyojengwa mahali hapo mwaka 1926.

Nyumba hiyo ya ibada ni kumbukumbu ya mafundi na vibarua walioletwa na Waingereza kutoka India kujenga Reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901. Wengi wao walitoka Punjab, na miongoni mwao walikuwamo waumini wa dini ya Usikh, ambao watu wa Afrika Mashariki wamezoea kuwaita Kalasinga.

Desturi hiyo ya kumlisha mpita njia bila kumuuliza dini wala kabila lake ina makao yake makuu katika mji wa Amritsar, uliopo jimbo la Punjab, kaskazini-magharibi mwa India, takriban kilomita 450 kutoka New Delhi.

Wageni wengi hufika Amritsar asubuhi, hupiga picha za Hekalu la Dhahabu, hutazama gwaride la mpakani jioni na kuondoka usiku. Wanaofanya hivyo huona dhahabu, lakini huukosa mji wenyewe. Anayepanga safari hiyo hana budi kutenga usiku mbili au tatu, na kujiandaa kuwa mgeni katika nyumba ya ibada inayotumika mchana na usiku.

CHIMBUKO LA MJI

Amritsar ulianzishwa mwaka 1577 na Guru Ram Das, kiongozi wa nne kati ya viongozi kumi wa Usikh, aliyeanza kuchimba bwawa takatifu lililoupa mji jina lake. Maana ya jina hilo ni bwawa la maji ya uhai.

Mrithi wake, Guru Arjan, ndiye aliyejenga hekalu katikati ya bwawa hilo, na mwaka 1604 kitabu kitakatifu cha Masikh kiliwekwa humo kwa mara ya kwanza. Kitabu hicho, Guru Granth Sahib, kina pia tungo za watakatifu wa Kihindu na za Sheikh Farid, Mwislamu.

Jengo lenyewe linafundisha. Lina milango minne, ishara kwamba watu wa pande zote na wa tabaka zote wanakaribishwa. Aidha, limejengwa chini kuliko ardhi inayolizunguka, hivyo kila aingiaye, awe tajiri au maskini, hulazimika kushuka ngazi.

Hekalu hilo lilibomolewa na majeshi ya Ahmad Shah Durrani wa Afghanistan mwaka 1762, kisha likajengwa upya. Dhahabu inayolipa umaarufu wake wa leo iliwekwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakati wa utawala wa Maharaja Ranjit Singh.

MAANDALIZI YA SAFARI

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi au Dar es Salaam hadi Amritsar. Msafiri anaweza kupitia nchi za Ghuba na kutua katika uwanja wa ndege wa kimataifa wa mji huo, uliopo umbali wa kilomita 11 hivi kutoka mjini, au akatua New Delhi na kuendelea kwa treni. Treni ziendazo kasi hutumia takriban saa sita.

Raia wa Kenya na Tanzania wanaweza kuomba viza ya India kwa njia ya mtandao. Ni muhimu kutumia tovuti rasmi ya serikali ya India pekee, kwani zipo tovuti nyingi za mawakala zinazofanana nayo ambazo hutoza fedha zaidi. Maombi yafanywe mapema, si siku za mwisho.

Jambo jingine linaloweza kuiharibu safari ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. India huwataka wasafiri kutoka Kenya, Uganda na nchi nyingine zenye ugonjwa huo kuwa na cheti, na huweza kumweka karantini hadi siku sita asiyekuwa nacho. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, hivyo kuchanja siku moja kabla ya safari hakusaidii.

Kuhusu majira, miezi ya Oktoba, Novemba, Februari na Machi ndiyo bora zaidi. Mei na Juni joto hupita nyuzi 40. Desemba na Januari baridi ni kali, na ukungu mzito huchelewesha treni na ndege mara kwa mara. Sikukuu ya Vaisakhi, inayoangukia Aprili 13 au 14, huvutia umati mkubwa, na anayeitaka atafute malazi mapema.

ADABU ZA HEKALUNI

Hekalu liko wazi kwa watu wote na hakuna kiingilio. Kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, hufunika kichwa kwa kitambaa, na vitambaa hupatikana mlangoni kwa asiyekuwa nacho. Kofia ya chepeo haitoshi.

Viatu na soksi huachwa kwa wahudumu wa kujitolea, kisha mgeni huosha miguu kwa kupita katika maji kabla ya kuingia. Sigara, tumbaku na pombe ni marufuku kabisa. Kupiga picha ndani ya hekalu lenyewe hakuruhusiwi.

Foleni ya kuingia hekaluni hupitia daraja lililokatiza bwawa, na siku za mapumziko inaweza kuchukua saa kadhaa. Wenyeji hushauri kwenda kabla ya mapambazuko, wakati kitabu kitakatifu kinapoletwa hekaluni kwa machela iliyopambwa huku nyimbo zikisikika. Usiku hurudishwa kwa heshima ileile katika jengo la Akal Takht, linalotazamana na hekalu. Saa za shughuli hizo hubadilika kulingana na majira.

Mgeni akipewa halua ya unga, samli na sukari, aipokee kwa mikono miwili.

JIKO LISILOFUNGWA

Hatua chache kutoka bwawani lipo jiko la umma liitwalo langar, ambalo hulisha makumi ya maelfu ya watu kila siku bila malipo. Wote huketi sakafuni kwa safu, hakimu kando ya mchukuzi, na kugawiwa chapati, dengu na wali wa maziwa. Chakula hakina nyama, ili asiwepo wa dini yoyote atakayeshindwa kukila.

Anayepokea chapati hukinga mikono miwili. Anayeongezewa asikatae kwa dharau, na aliyepewa asibakize.

Kazi zote, kuanzia kumenya vitunguu hadi kuosha sahani, hufanywa kwa kiasi kikubwa na watu wa kujitolea, na mgeni huruhusiwa kujiunga nao. Zipo pia nyumba za kulala wageni zinazosimamiwa na hekalu, ambazo hutoza kidogo au hazitozi kabisa, lakini kwa kawaida mtu hakai zaidi ya siku tatu.

MAKOVU YA MJI

Umbali wa dakika chache kwa miguu ipo bustani ya Jallianwala Bagh. Hapo, Aprili 13, 1919, askari chini ya Jenerali Reginald Dyer waliufyatulia risasi umati usiokuwa na silaha. Serikali ya kikoloni ilitaja vifo 379, ilhali uchunguzi wa chama cha Congress ulikadiria watu 1,000 hivi. Matundu ya risasi bado yanaonekana ukutani, pamoja na kisima ambamo watu walijitupa wakijaribu kujiokoa.

Karibu na hapo, katika jengo la zamani la halmashauri ya mji, lipo jumba la makumbusho ya kugawanywa kwa India mwaka 1947, lililofunguliwa mwaka 2017. Mgawanyo huo uliwahamisha zaidi ya watu milioni 10 na kuutenganisha Amritsar na jirani yake Lahore, uliobaki Pakistan, umbali wa kilomita 50 hivi.

Hekalu nalo lina kovu lake. Juni 1984 jeshi la India liliingia humo kupambana na wapiganaji wa Kisikh waliokuwa wamejihami ndani, mamia ya watu wakafa na Akal Takht ikaharibiwa vibaya. Oktoba 31 mwaka huohuo Waziri Mkuu Indira Gandhi aliuawa na walinzi wake wawili Masikh, na maelfu ya Masikh wakauawa katika ghasia zilizofuata. Familia nyingi bado zina msiba huo moyoni, hivyo si mada ya mzaha, na ulinzi huimarishwa kila mwanzo wa Juni.

Kuhusu gwaride la jioni katika mpaka wa Attari na Wagah, msafiri aulize kwanza hali ilivyo. Baada ya mvutano wa India na Pakistan mwaka 2025, sherehe hiyo ilisitishwa kwa muda kwa watazamaji, kisha ikarejea ikiwa imepunguzwa, bila askari wa pande mbili kupeana mikono.

SIKU YA TATU

Kwa ratiba ya siku tatu, siku ya kwanza iwe ya hekalu, na usiku mgeni arudi kuliona taa zikiwaka juu ya maji. Siku ya pili iwe ya bustani, makumbusho na mitaa ya mji wa kale, ambako barabara iendayo hekaluni imetengwa kwa waendao kwa miguu na bajaji huishia kando.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Amritsar hakuna atakayemkabidhi mgeni jembe, lakini mabeseni ya sahani chafu yapo, na nafasi ya kusimama kando ya waoshaji haikosekani. Aliyekula bure siku mbili atajua la kufanya asubuhi ya tatu.